Manamba na Machinga: Wapalestina wa Chile na Wafini wa Michigan

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa hapa Mnazi Mmoja, Lindi. Nina duka dogo la vipuri vya baiskeli. Kijiweni kwetu kumezuka ubishi na umefika pabaya, hata kahawa ya mzee wa watu imemwagika. Kijana mmoja anayesoma chuo huko kwenu Mtwara ametuambia kwamba Amerika ya Kusini kuna nchi inaitwa Chile, na huko Wapalestina wana benki, wana viwanda na wana timu ya mpira ya ligi kuu. Akaongeza kwamba Wafini waliohamia Marekani walikuwa vibarua wa migodini, wakafika mpaka kuambiwa wao si wazungu, na wajukuu zao hadi leo ni watu wa kawaida tu.

Tukamcheka. Wapalestina tunaowaona kwenye taarifa ya habari ni watu wa mahema. Na Wafini tunawajua kwa macho yetu: mimi nimekua wakati wa RIPS, ule mradi wao wa maendeleo ya vijijini, nimeyala mavumbi ya magari yao. Mfini gani maskini?

Tuamulie. Tumeahidiana kilo mbili za korosho. Na kama ni kweli, nieleze sababu. Ina maana Wapalestina wana damu ya biashara kuliko Wafini?

Wako, Mwenye Mashaka, Mnazi Mmoja.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe kijana korosho zake, na ziwe nzima, si zile za vipande mnazochanganyia makapi. Kashinda. Ila mwambie abakishe robo kilo, maana kuna jambo hakulisema, nalo ndilo linalojibu swali lako la mwisho.

Nianze na Wafini, kwa kuwa nilikula nao. Mwaka 1978, kabla sijaenda chuo cha ualimu, nilikuwa kibarua kwenye mradi wa maji wa Mtwara na Lindi, ule uliogharamiwa na serikali ya Ufini. Kazi yangu ilikuwa kushika fimbo ya kupimia: nasimama juani pale nilipoambiwa nisimame, basi. Sisi wa huko juu Newala, mama zetu walikuwa wakiteremka bondeni usiku kufuata maji na kupanda na ndoo kichwani alfajiri. Mtu aliyekuja kuchimba kisima na kufunga pampu ya mkono ya Nira tulimwona malaika mwenye nywele nyeupe. RIPS ilikuja baadaye, 1988, ikafunga virago 2005. Kwa hiyo wewe na mimi tumemjua Mfini wa aina moja tu: mtaalamu aliyetumwa na nchi tajiri, ana mshahara, ana gari, ana tiketi ya kurudi. Huyo si mhamiaji. Ni mgeni mwenye posho.

Fundi mmoja wa visima, mtu mzima, mkimya kama walivyo wengi wao, jioni moja pale Shangani alitoa picha kwenye pochi akanionyesha. Mwanamume mwembamba amesimama mbele ya nyumba ya mbao, kofia imefungwa taa. Akaniambia huyu ni kaka wa bibi yake, alikwenda Michigan kuchimba shaba. Nikamwuliza kama alitajirika. Akacheka, na kucheka kwa mzee yule kulikuwa tukio la mwaka. Akasema fedha zilizofika nyumbani zilinunua ng'ombe mmoja, kisha barua zikakatika.

Nikadhani ananitania. Mzungu aende nchi ya watu kuwa manamba?

Kumbe Ufini ya wakati ule haikuwa hii ya pampu na misaada. Ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na kati ya 1866 na 1868 baridi iliua mazao, ikaja njaa iliyofukia zaidi ya watu laki moja katika nchi isiyofika watu milioni mbili. Sisi mwaka wa njaa tunaingia porini kuchimba ming'oko. Wao walibandua magome ya msonobari, wakayasaga, wakachanganya na unga kidogo waliobakiwa nao, wakaoka mkate. Ming'oko ina utamu wake, siku hizi inauzwa stendi na pilipili. Gome la msonobari sijasikia mtu akilitamani.

Njaa ilipopita, ardhi haikutosha. Mkubwa anarithi shamba, wadogo zake wanakuwa vibarua wa watu. Halafu 1901 ikaja sheria ya kuwaingiza vijana wao kwenye jeshi la Mrusi. Tangu miaka ya 1870 hadi miaka ya 1920 Wafini zaidi ya laki tatu wakavuka bahari kwenda Marekani, wengi wao kutoka jimbo la Pohjanmaa, magharibi ya nchi. Na usidhani walikuwa mbumbumbu. Kanisa lao la Kilutheri lilitaka kila muumini ajue kusoma, kwa hiyo karibu wote walijua. Lakini walisoma Kifini, lugha isiyofanana na Kiingereza hata kwa bahati mbaya, na mfukoni hawakuwa na kitu. Wakaishia kwenye shaba ya Calumet na Hancock kule Michigan, na kwenye chuma cha Mesabi kule Minnesota. Wakapewa kazi za chini kabisa, kama kusukuma vigari vya mawe shimoni.

Unajua kwa nini babu zetu waliokwenda Tanga kukata mkonge waliitwa manamba? Kwa sababu walipofika hawakuitwa kwa majina, waliitwa kwa namba. Huyo ndiye Mfini wa Michigan. Aliuza mikono yake, na anayeuza mikono bei anapangiwa.

Walipojaribu kuipinga bei waliumia. Mwaka 1907 walikuwa mstari wa mbele kwenye mgomo wa Mesabi. Mgomo ukavunjwa na Wafini wengi wakaandikwa kwenye orodha ya wasioajirika. Mwaka uliofuata mwanasheria wa serikali akataka wanyimwe uraia wa Marekani kwa hoja kwamba Wafini ni kabila la Wamongolia, na sheria ya wakati ule haikuwapa uraia Wamongolia. Kijana wako hapo yuko sahihi kabisa. Kesi ilikuwa ya mtu anaitwa John Svan, ikasikilizwa Duluth, Minnesota, na jaji akaamua kwamba Wafini ni weupe vya kutosha. Hebu fikiri: mzungu wa nywele nyeupe, uso umebabuka kwa jua la Mtwara kama samaki wa kukaanga, na babu yake alihitaji hati ya jaji kuthibitisha weupe!

Halafu 1913. Kampuni za shaba zilileta mashine ya kutoboa mwamba inayoshikwa na mtu mmoja badala ya wawili. Wachimbaji wakaipa jina la mtengeneza wajane, kwa kuwa aliye peke yake gizani akiangukiwa na jiwe hana wa kumwita. Wakagoma. Usiku wa kuamkia Krismasi, familia za waliogoma zikawafanyia watoto sherehe kwenye ukumbi wa ghorofani pale Calumet, unaitwa Italian Hall. Mtu akapiga kelele kwamba moto unawaka. Moto haukuwapo. Watu wakakimbilia ngazi, wakaangukiana. Walikufa 73, wengi watoto, na wengi wa Kifini.

Baada ya hapo mgodi haukuwataka. Wengi wakanunua mashamba kwenye misitu iliyokwisha kukatwa magogo, mahali ambapo kampuni za mbao zimechukua mti na kuacha kisiki. Wewe ni mtoto wa Lindi, unakijua kisiki. Waling'oa visiki miaka kumi ili wapate mahali pa kulisha ng'ombe watano. Lakini hapo hapo wakafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: wakaunda ushirika. Kila kijiji na duka lao la pamoja, na mwaka 1917 maduka hayo yakaunda chama kikuu pale Superior, Wisconsin, cha kununua kwa jumla. Ni kama vyama vyetu vya msingi na chama kikuu cha korosho, ila wao walikuwa wananunua unga na kahawa badala ya kuuza zao. Na kama vyama vyetu, waligombana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Chama cha Kikomunisti kikataka fedha za ushirika ziingie kwenye siasa zake, wengi wakakataa, wakagawana mbao. Elfu kadhaa walikata tamaa na Marekani kabisa, wakahamia Karelia katika Urusi ya Stalin mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenda kujenga ujamaa. Mamia yao walipigwa risasi 1937 na 1938. Sitaki kuliingia hilo, ni barua nyingine.

Sasa twende Chile.

Mpalestina wa Chile hakutoka kambini. Zingatia hapo, ndipo kijiwe chako kilipopotea njia. Wengi walitoka miji mitatu iliyo karibu karibu kama Mtwara na Mikindani: Bethlehemu, Beit Jala na Beit Sahour. Walikuwa Wakristo wa Kiorthodoksi, na walianza kuondoka mwishoni mwa karne ya 19, miaka hamsini kabla ya vita vya 1948. Sultani wa Uturuki ndiye aliyekuwa mtawala wao. Ilipofika 1909 vijana wa Kikristo nao wakaanza kuandikishwa jeshini, wazazi wakaona heri mtoto apande meli. Umeona? Mfini alimkimbia kamanda wa Mrusi, Mpalestina akamkimbia kamanda wa Mturuki. Mpaka hapo wako sawa.

Tofauti ilikuwa kwenye mzigo. Bethlehemu ilikuwa imezoea mahujaji kwa karne nyingi. Mafundi wake wanachonga misalaba na rozari kwa mti wa mzeituni na kwa chaza la lulu, na wanajua kumwuzia mgeni. Ni kama Mmakonde na mpingo: ukimpeleka Mmakonde Mwenge, Dar es Salaam, hana shamba, hana ng'ombe, lakini ana patasi na anajua Mzungu atalipa shilingi ngapi kwa kinyago. Wale vijana walishuka melini na masanduku ya rozari za Nchi Takatifu katika nchi ya Wakatoliki. Zilipokwisha wakanunua sindano, uzi, vitana na vitambaa, wakavibeba begani nyumba kwa nyumba, mji kwa mji. Wachile waliwapa jina, *falte*, kutokana na lile swali lao la mlangoni: kuna kitu chochote unachokosa, mama?

Hao ni wamachinga, mwanangu. Wa Dar es Salaam wana hadithi zao kuhusu jina hilo, lakini sisi huku tunajua Machinga ni wapi, na tunajua vijana gani walitangulia kwenda kutembeza bidhaa mikononi Kariakoo enzi ambazo daraja la Rufiji halijajengwa na safari ya basi ilikuwa siku mbili ukijaliwa. Machinga ni maskini kama manamba. Anatukanwa kama manamba. Wale wa Chile waliitwa Waturuki, kwa kejeli, kwa sababu ya pasipoti waliyoingia nayo. Lakini machinga faida ya leo ni mtaji wa kesho, na akikosea bei anajifunza. Manamba akikosea anakatwa.

Pili, kulikuwa na mjomba. Mpalestina aliyepata kibanda mtaa wa Patronato, ng'ambo ya mto Mapocho pale Santiago, alimwita mpwa wake kutoka Beit Jala, akampa mzigo kwa mkopo, akamwambia kauze kusini. Mpwa akisimama, naye anamwita mdogo wake. Sisi Wamakonde na Wamwera, ambao mjomba kwetu ni mtu mzito kuliko baba, hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Mfini naye aliwaita ndugu zake, lakini aliwaita shimoni. Hakuwa na mzigo wa kuwakopesha.

La tatu ni bahati. Miaka ya 1930 dunia ilipoanguka kiuchumi, Chile iliweka ushuru mkubwa kwa bidhaa za nje ili nchi itengeneze vitu vyake. Aliyekuwa anauza kitambaa akaona afadhali akifume mwenyewe. Juan Yarur, mzaliwa wa Bethlehemu, alifungua kiwanda kikubwa cha nguo za pamba Santiago mwaka 1937, na mwaka huo huo akaanzisha benki ya BCI, ambayo ipo mpaka leo. Walikuwapo na wengine, Hirmas, Sumar, Said, hadi ikawa sehemu kubwa ya nguo walizovaa Wachile imefumwa na familia za Kipalestina. Timu aliyoisema kijana ipo, Club Deportivo Palestino, ilianzishwa 1920, ikachukua ubingwa wa nchi 1955 na 1978. Jezi ni nyekundu, nyeupe, kijani na nyeusi. Hapo korosho ni za kijana bila mjadala.

Hadithi haikuishia kwenye utamu lakini. Mwaka 1971 wafanyakazi wa kiwanda cha Yarur walikiteka wakitaka kiwe cha umma, na ukimsikiliza mfumaji wa zamu ya usiku, bosi wa Kipalestina hakuwa mtamu kuliko bosi wa shaba wa Michigan. Baada ya mapinduzi ya 1973 serikali ya kijeshi ya Jenerali Pinochet ikafungua milango, nguo za nje zikamiminika, na viwanda vingi vikafa. Waliokuwa wamekwisha hamisha fedha kwenye benki na majengo wakaokoka. Duka kubwa la kisasa la Parque Arauco, lililofunguliwa 1982, lilianzishwa na watu hao. Waliokuwa na cherehani tu wakabaki na cherehani. Ukienda Patronato leo utawakuta Wakorea na Wachina nao wamejaa, kama Kariakoo.

Wanaotajwa kwenye magazeti siku zote ni vigogo. Chile inahesabiwa kuwa na watu wa asili ya Kipalestina kama nusu milioni, jamii kubwa kuliko zote nje ya Mashariki ya Kati, na nusu milioni haiwezi kuwa wenye benki watupu. Kuna walimu, kuna madaktari, kuna muuza soksi. Ila kwa jumla wamesimama juu ya Mchile wa kawaida, na ndugu zao wa Amerika ya Kati vilevile: El Salvador uchaguzi wa urais wa 2004 wagombea wakuu wawili, Antonio Saca na Schafik Hándal, wote walikuwa watoto wa familia za Kipalestina, na Rais Bukele wa sasa ni hivyo hivyo. Honduras walikuwa na Carlos Flores Facussé, rais kuanzia 1998 hadi 2002.

Na Wafini wa Marekani leo? Watu kama 650,000 walijiandikisha kuwa na asili hiyo, na kipato chao hakiachani sana na cha Mmarekani wa katikati. Mtoto wa mchimbaji akawa fundi wa kiwanda Detroit, mjukuu akawa nesi au mwalimu. Waliobaki kule kwenye shaba ndio wamebaki na baridi. Mgodi mkuu wa Calumet ulifungwa mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wakaondoka, na chuo ambacho Wafini wenyewe walikijenga Hancock mwaka 1896 kilifunga milango 2023. Mji wa mgodi usio na mgodi, mwenyeji wa Nachingwea hahitaji kuelezwa. Sisi Waingereza walitujengea reli kwa ajili ya mpango wao wa karanga, mpango ukafa, na reli nayo ikafa.

Sasa ile robo kilo.

Kama ingekuwa damu, Mpalestina angetajirika kokote. Haikuwa hivyo. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya laki saba walipoteza makazi yao. Waliokimbilia Lebanoni waliwekwa kambini, na kambi 12 zipo mpaka leo, Shatila ikiwa mojawapo, tangu 1949. Mtoto aliyezaliwa pale, baba yake amezaliwa pale, anaweza kusoma udaktari lakini hawezi kuwatibu watu nje ya kambi kama daktari mwingine, maana kazi kadhaa za kitaalamu ni za Walebanoni. Tangu 2001 sheria inamzuia hata kununua nyumba kwa jina lake. Ndugu zao waliovukia Jordani walipewa uraia kwa sheria ya 1954, na leo Amman imejaa wenye maduka, mainjinia na wenye benki wa Kipalestina. Pengine ni ukoo mmoja, ndugu wawili, waliopishana njia panda. Mmoja mjukuu wake ana hati ya nyumba. Mwingine mjukuu wake anakwangua saruji kwa ujira wa siku, na akiugua anategemea zahanati ya Umoja wa Mataifa.

Hata wale wa Chile karatasi iliwagusa. Wengi walikwenda kwa nia ya kuchuma na kurudi. Waingereza walipochukua Palestina wakatoa amri ya uraia ya 1925, na walioko ng'ambo maelfu wakajikuta wamekataliwa. Waliondoka nyumbani wakiitwa Waturuki, wakataka kurudi kama Wapalestina, wakaambiwa majina yao hayamo. Basi wakajenga Santiago kwa nguvu zote, kwa sababu kwingine kulikuwa kumefungwa.

Kwa hiyo Mwenye Mashaka, anayetaka kujua hali ya wajukuu wa wahamiaji asiulize kabila kwanza. Aulize babu alishuka melini na nini mkononi, nani alimpokea, na karani wa pale bandarini aliandika nini. Nikipewa majibu hayo matatu nakubali kuweka dau, ingawa shehe wenu hapo Mnazi Mmoja atanisema.

NYUMA YA BARUA HIYO HIYO

Nyuma ya karatasi ya Mwenye Mashaka kuna mwandiko mwingine, wa kalamu nyekundu: "Mwalimu, mimi ni mke wake, naiposti hii barua mimi. Mbona hawaulizi wanawake walikuwa wanafanya nini? Au walikuwa wanawasubiri wanaume tu?"

Mama, shikamoo nakupa mimi leo.

Mfini wa kike alisafiri mwenyewe, wengi wakiwa wasichana bila mume wala kaka. Hakwenda mgodini. Alikwenda New York au Boston kuwa mtumishi wa nyumbani kwa matajiri, na wasichana wa Kifini walitafutwa kwa sababu walisifika kwa usafi na kazi. Alilala kwa tajiri, akala kwa tajiri, mshahara ukabaki mzima. Kwa hiyo mara nyingi dada ndiye aliyekuwa na akiba kuliko kaka aliye shimoni. Aliyeolewa kwenye miji ya migodi alifungua nyumba ya kulaza wachimbaji: vitanda kumi na tano, ndoo za kufulia, sufuria la viazi, zamu ya mchana ikitoka zamu ya usiku inaingia vitanda vile vile. Mume akigoma, hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Walitoka kwa watu wasiocheza na mwanamke; Ufini iliwapa wanawake kura 1906, ya kwanza Ulaya nzima.

Mpalestina wa kike alikuja zaidi kama bibi harusi. Kijana akisimama kibiashara alirudi Bethlehemu kuoa, au mama yake akamchagulia. Huyo binti akawekwa nyuma ya kaunta. Mume anatembeza mzigo vijijini wiki tatu, mke ndiye duka, ndiye daftari la madeni, na jioni anashona. Jina lake kwenye bango la duka hutalikuta. Limeandikwa la mume na wanawe.

Sasa mwambie huyo mume wako hizo korosho alizoweka dau zilibanguliwa na nani.

BARUA NYINGINE, KUTOKA NEWALA

Hii imekaa mezani kwangu tangu mwezi uliopita, na nimeona mahali pake ni hapa. "Mwalimu, mdogo wa babu yangu aliondoka zamani kwenda kukata miwa Kenya na hakurudi. Juzi tumepigiwa simu na kijana wa Kwale anayesema yeye ni mjukuu wake. Anasema wao walikuwa hawana nchi mpaka majuzi. Ndugu zangu wanahofia ni tapeli. Je, kuna Wamakonde wasio na nchi?"

Walikuwapo, mjukuu wangu, na jambo hilo halina utapeli ndani yake. Wamakonde, wengi kutoka upande wa Msumbiji na wengine kutoka kwetu, walivuka tangu miaka ya 1930 kwenda mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya. Mashamba yakafungwa, wao wakabaki, wakazaa, wakazeeka. Kenya ilipopata uhuru hawakuandikwa. Mtu bila kitambulisho hafungui akaunti, hanunui kiwanja kwa jina lake, hasajili hata laini ya simu. Mtoto akifaulu shule anakwama. Walichonga vinyago na kuuza kwa bei ya dalali, kwa kuwa dalali ndiye mwenye karatasi. Oktoba 2016 wakaondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Akaagiza wapewe vitambulisho kabla mwaka haujaisha, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Kwa hiyo simu hiyo isikushangaze kuja sasa. Kabla ya hapo huyo kijana angepata wapi laini ya jina lake?

Kuhusu kama kweli ni wenu, usimwulize jina la babu, hilo linaokotwa popote. Mwulize ukoo wa mama wa babu, na kijiji walichotokea, chini ya mlima au juu. Akitaja, mpelekee simu bibi yako asikie anavyotamka. Na asipotuma maombi ya nauli wiki ya kwanza, nunua kuku.